Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Anayetaka kuuona utajiri wa Mufindi, wilaya ya Mkoa wa Iringa, achepuke Nyololo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya, aifuate njia ya Igowole, na apange kufika baada ya mavuno. Magunia ya mahindi yamepandana hadi kwenye dari la banda. Viazi mviringo vimefungwa lumbesa, kilemba cha nyasi na kamba kimechomoza juu ya gunia kana kwamba Wakala wa Vipimo hajawahi kutoa tangazo hata moja. Maharage yamemwagwa kwenye maturubai, ya njano huku, mekundu kule, na wanunuzi wa mjini wanayachota kiganjani na kuyapuliza vumbi kabla ya kutaja bei. Ukisogea mbele kidogo unakutana na chai, na zaidi ya chai misindano. Baridi ipo, ukungu upo, njaa haipo. Kwa miaka mingi Iringa imetajwa pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa mikoa minne inayolisha nchi, na mtu wa Igowole akikuambia kwao unga haununuliwi, hakudanganyi.

Sasa tuangalie upande wa pili wa daftari. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliwapima urefu watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Watoto 30 kati ya kila 100 walikutwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Mkoa ulioongoza haukuwa ule wenye ukame na mifugo iliyokonda. Uliongoza Iringa, kwa asilimia 56.9. Ukafuatiwa na Njombe kwa asilimia 50.4, na Rukwa kwa 49.8. Mikoa mitatu ya neema, ikiwa imepanga mstari mbele ya yote.

Takwimu hizo zikisomwa kwenye mkutano wa hadhara, hakosekani wa kunyoosha mkono na kusema kwamba ufupi ni wa ukoo, mbona babu naye alikuwa hivyo hivyo na aliishi miaka tisini. Hoja hiyo ina utamu wake, ila ilishajibiwa. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani ambao walinyonyeshwa ipasavyo na kulelewa katika nyumba zenye nafasi. Mtoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo walirefuka kwa mwendo karibu mmoja. Mistari iliyopatikana pale, ikatangazwa mwaka 2006, ndiyo iliyochorwa kwenye kadi ya kliniki anayoikunja mama wa Igowole ndani ya mfuko wa nailoni. Ukoo una sehemu yake, lakini hauwezi kuwafupisha zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Tuache basi babu apumzike. Swali ni hili: inakuwaje nyumba yenye gunia kumi ilee mtoto anayekosa kitu?

Jibu nimelitafuta mbali, Ulaya ya karne ya 16 hadi ya 18, na nina sababu. Mahindi, maharage na viazi vinavyojaza magulio ya Mufindi vyote asili yake ni Amerika. Vilivuka bahari kwenda Ulaya baada ya mwaka 1492, na ni katika zama hizohizo za merikebu za Wareno, waliokuja kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, mahindi yalipoingia pwani yetu. Sisi tulikula bila kuandika mengi. Wao walikuwa na mashine za kuchapia, vyuo vya udaktari na watu wenye muda wa kupekua kila kitu, kwa hiyo mkasa wao wa chakula kipya umehifadhiwa karatasini. Unasomeka kama taarifa ya afisa lishe wa wilaya.

Mbegu ilivuka, mpishi akabaki

Mahindi yalitua Hispania na mabaharia wa Columbus mwaka 1493. Mwaka 1542 daktari wa Kijerumani, Leonhart Fuchs, aliyachapa katika kitabu chake kikubwa cha mimea, picha safi kabisa, majani hadi nywele za mhindi, kisha akaandika kwamba mmea huu umetoka kwa Waturuki. Ndivyo sayansi ilivyokuwa ikianza, jicho kali na taarifa mbovu. Wakulima wa kaskazini mwa Italia hawakumsubiri amalize ubishi wake. Walipanda kwa sababu shamba la mahindi lilitoa nafaka nyingi kuliko shamba la ngano la ukubwa uleule, na mahali pengine zao hilo jipya halikuwa limeingizwa kwenye orodha ya mafungu ya kanisa na kodi za mwenye ardhi. Kufikia karne ya 18 familia za maskini zilikuwa zikila ugali wao, polenta, asubuhi, mchana na usiku. Ngano waliyolima ilikwenda kwa bwana.

Mwaka 1735 Gaspar Casal, daktari wa mji wa Oviedo kaskazini mwa Hispania, alianza kuandika kuhusu ugonjwa aliouona kwa wakulima. Ngozi ya mikono na miguu ilikuwa nyekundu, ikababuka na kuwa magamba, na shingoni ukazunguka mkufu wa wekundu palepale jua lilipopiga. Baadaye kuhara, na mwisho akili kuvurugika. Casal aliwatazama wagonjwa wake, akatazama na vyungu vyao, akaandika kwamba wote ni maskini, chakula chao ni mahindi, na nyama wanaiona kwa nadra. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1762, yeye akiwa ameshafariki. Ugonjwa huo ni pelagra. Ukaenea Lombardia na Veneto, na mwaka 1881 Italia ilihesabu wagonjwa zaidi ya 100,000.

Jambo la kushangaza ni kwamba huko mahindi yalikotoka, Mexico, watu walikuwa wameyala kwa maelfu ya miaka bila pelagra. Wanawake wa kule walichemsha punje kwenye maji ya chokaa au majivu, wakaziacha zilale usiku, asubuhi wakaziosha maganda na kuzisaga juu ya jiwe. Kazi hiyo ilionekana ya jikoni tu. Kumbe chokaa ilikuwa ikifungua vitamini iliyofungiwa ndani ya punje, niasini, ambayo wanakemia hawakuitambua kuwa ndiyo tiba ya pelagra hadi mwaka 1937. Na chungu cha maharage kilikuwa jirani. Mabaharia waliochukua mahindi walikuwa wanaume. Walibeba mbegu, hawakubeba mpishi. Wala hakuna msomi wa Ulaya aliyeona haja ya kuuliza wanawake wa upande wa pili wa bahari wanayapikaje, na uzembe huo ulilipiwa na vizazi vya wakulima waliozikwa na mkufu wao mwekundu.

Msomaji asidhani hizi ni hadithi za zamani tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, mwendo mfupi kutoka Mbeya, walipata pelagra kwa wingi, wagonjwa zaidi ya 17,000. Walikuwa wakipewa mahindi. Walichokosa ni karanga, ambazo ugavi wake ulikatika.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini pelagra si habari ya kila siku, na sifa apewe mama aliyeamua kuchanganya mahindi na maharage katika sufuria moja. Makande ni uamuzi wa kisayansi uliofikiwa bila maabara. Maharage yanajazia palipopungua kwenye mahindi, na mahindi yaliyopikwa na kiini chake bado yana kitu. Tunakoharibu ni mashineni. Tunakoboa, tunapeta, tunasaga sembe nyeupe ya kupendeza mgeni, na pumba yenye nguvu tunampa nguruwe, ambaye kwa kweli anastawi. Dona inaonekana chakula cha shule na cha wafungwa. Huko Ulaya pia mkate mweupe ulikuwa wa wenye nacho na mweusi wa mtumishi.

Lakini makande ni chakula cha mwenye meno. Mtoto wa miezi minane hayawezi, na hapo ndipo hesabu ya Mufindi inapoharibika.

Saa nne asubuhi

Turudi Ulaya ya karne zile. Nyumba nyingi zilikuwa pia karakana au shamba, na mama alikuwa mfanyakazi kabla ya kuwa mlezi. Kaskazini-magharibi, Uingereza na Uholanzi kwa mfano, msichana wa kawaida alitumwa kazi za ndani kwa watu akiwa bado mdogo, akaweka akiba, akaolewa akikaribia miaka 25 au kuizidi. Alipozaa hakukaa ndani. Mtoto alifungwa vitambaa kuanzia mabegani hadi miguuni, akakakamaa kama mwiko, na kuna sehemu za mashambani alikotundikwa kwenye msumari ukutani ili nguruwe wasimfikie wakati mama yuko shambani. Tukiyasoma hayo tunashtuka. Mwanamke yule alikuwa akitatua tatizo ambalo hakuna aliyemsaidia kulitatua.

Mjini hali ilikuwa ya aina yake. Huko Lyon, mji wa hariri, mke wa fundi aliendesha kazi pamoja na mumewe, na siku moja bila kufuma ilikuwa siku bila mkate. Kwa hiyo mtoto mchanga alipelekwa kijijini kwa mnyonyeshaji wa kulipwa, mwanamke maskini kuliko wao, ambaye naye alikuwa na mtoto wake. Mwaka 1780 mkuu wa polisi wa Paris, Lenoir, alikadiria kwamba kati ya watoto 21,000 waliozaliwa mjini humo kwa mwaka, walionyonyeshwa na mama zao wenyewe hawakuzidi 1,000. Waliokosa ziwa walilishwa uji wa mkate au unga uliochemshwa kwa maji. Ufaransa ya karne ile, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hakuifikia siku yake ya kutimiza mwaka. Hata waliopona hawakuwa warefu. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba Wafaransa waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 17, enzi za Louis wa 14 na fahari ya Versailles, walikuwa na wastani wa sentimita 162 hivi, wanaume wazima. Kwa lugha ya leo, taifa lenye mfalme tajiri kuliko wote Ulaya lilikuwa limedumaa.

Wasomi waliliona tatizo, wakalitafutia mkosaji, wakampata mama. William Cadogan, daktari wa Kiingereza, aliandika mwaka 1748 insha ya malezi ya watoto wachanga kwa ajili ya hospitali ya watoto waliotupwa jijini London. Ina mambo mengi mazuri, kama kumwachia mtoto nguo nyepesi na kumnyonyesha, ila daktari anaanza kwa kufurahi kwamba hatimaye malezi yameanza kushughulikiwa na wanaume wenye akili, maana yalikuwa yameachiwa wanawake kupita kiasi. Jean-Jacques Rousseau naye mwaka 1762 aliwahubiria mama wa Ufaransa wanyonyeshe wenyewe, na mabibi wa mjini wakaona fahari kumtii. Watoto wake mwenyewe watano alikuwa amewapeleka kwenye nyumba ya yatima. Sijui kama kuna mshauri wa lishe aliyewahi kuwa na wasifu mbaya kuliko huo.

Nimeleta habari hizi kwa sababu mahubiri ya Cadogan bado tunayasikia. Kila mradi unaokuja na gari jeupe unaanza na kumwelimisha mama. Apewe somo la makundi ya vyakula, aonyeshwe bango lenye yai, papai na samaki. Mama wa Igowole somo hilo analijua, na maswali ya mtihani anaweza kuyatunga yeye. Kinachomshinda ni saa.

Tuifuate siku yake. Alfajiri, baridi ya Juni, moto unawashwa kwa kuni mbichi. Anapika uji wa mahindi mwingi kwa mkupuo, anaujaza chupa ya chai. Kwenye saa moja yuko njiani kwenda shambani, na shamba siku hizi haliko nyuma ya nyumba, kwa kuwa ardhi ya karibu imepandwa misindano au imeuzwa. Kama ana kibarua cha kuchuma chai, analipwa kwa kilo za majani, kwa hiyo kila dakika anayonyonyesha ina bei. Masika ni palizi ya mahindi na maharage. Kiangazi, ambacho kwa mikoa mingine ni kipindi cha kupumua, huku ndicho kipindi cha vinyungu, vile vishamba vya bondeni vinavyotumia unyevu kutoa mboga, viazi na mahindi mabichi wakati milimani kumekauka. Mtoto mwenye miezi kumi kabaki na bibi, au na dada yake wa miaka saba. Uji uliomo kwenye chupa umefanywa mwepesi ili unyweke kirahisi, ambayo maana yake ni kwamba sehemu kubwa ni maji. Mtoto wa umri huo anahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, chakula kizito, kwa sababu tumbo lake ni dogo na halijazwi mara moja likatosha hadi jioni. Saa nne asubuhi anapolia, anapewa kikombe. Saa nane kikombe kingine. Mama anarudi jioni na kuni kichwani, na ugali ukiiva mtoto ameshalala.

Hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyefanya ubaya. Mahindi yapo ghalani, maharage yapo. Kuku wapo pia, ila mayai yamekwenda gulioni kununua sabuni na daftari, na yai moja likifika mjini Mafinga linakuwa hela. Hapo ninamwuliza baba, ambaye bango la lishe mara nyingi linamsahau. Fedha ya viazi inapoingia, ya lumbesa ile yenye kilemba, ni yeye anayeipokea mkononi. Msimu wa mvua ulanzi unagemwa, na kilabu kiko karibu kuliko shamba.

Kuhusu vinyungu nina neno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji, na kila baada ya miaka kadhaa kampeni inashuka bondeni kung'oa mboga za watu. Maji ni lazima yalindwe. Mito ya nyanda hizi inakwenda mbali, na mabwawa ya umeme yanaitegemea. Lakini anayepima mita 60 apime pia ni mboga kiasi gani za Agosti zilikuwa zinatoka mule ndani, na zitatoka wapi sasa. Sijawahi kuona hesabu hizo mbili zikifanywa na afisa mmoja.

Kuvu hasemi

Kuna mhusika mwingine asiyeonekana. Mwaka 1676 Denis Dodart, daktari, aliiandikia Akademia ya Sayansi ya Paris kuhusu watu wa Sologne, Ufaransa, ambao vidole na miguu vilikuwa vikioza na kudondoka. Alisema chanzo ni nafaka, ile iitwayo rai, iliyoota kuvu wenye umbo la pembe ndogo nyeusi. Kabla yake watu walidhani ni moto wa mtakatifu fulani. Wakulima wenyewe waliziona zile pembe kila mavuno. Walikula kwa sababu mwaka wa mvua nyingi hakukuwa na nafaka nyingine ya kula.

Kuvu wa mahindi yetu hana pembe. Mwaka 2015 ulichapwa utafiti uliofuatilia watoto wadogo wa vijiji vitatu, kimoja Tabora, kimoja Kilimanjaro na kimoja Iringa, Nyabula. Sumu za kuvu zilipimwa ndani ya miili ya watoto, na wale waliobeba zaidi fumonisini, sumu inayotoka kwenye mahindi yaliyoota kuvu tangu shambani, walikua pungufu. Mtu mzima anayekula ugali na mboga ana nafasi ya kuchanganya. Mtoto ambaye mlo wake wote ni uji wa mahindi anakunywa sumu hiyo mara tatu kwa siku. Na hapa kwetu kuna desturi isiyosemwa kwa sauti: mahindi mazuri yanachambuliwa yauzwe, yaliyobadilika rangi yanabaki nyumbani. Mara nyingi yanakwenda kwenye pombe. Si mara zote.

Mzani chini ya mti

Ulaya ile ile iliyomkosea mama ilituachia kitu kimoja cha maana, tabia ya kupima. Santorio Santorio, daktari wa Padua, alining'iniza kiti chake kwenye mzani, akala, akalala na kufanya kazi huku akijipima kwa miaka mingi, kisha mwaka 1614 akachapa matokeo. Na mwaka 1759, huko Burgundy, Ufaransa, bwana mmoja, Philibert Guéneau de Montbeillard, alipata mtoto wa kiume na kuanza kumpima urefu. Aliendelea kila baada ya miezi sita hivi hadi kijana alipofika miaka 18, na rafiki yake Buffon, bingwa wa elimu ya viumbe, akayachapa yote mwaka 1777. Ndiyo rekodi ya kwanza inayojulikana ya ukuaji wa mtoto mmoja tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Kijana aliishia zaidi ya sentimita 180, katika nchi ambako wanaume waliozaliwa mwishoni mwa karne iliyotangulia walikuwa na wastani wa 162 hivi. Baba yake alikuwa na mali, na mtoto wa nyumba hiyo hakulishwa uji wa maji.

Sasa hebu tazama zilikofika tabia hizo. Katika miaka ya 1980 mzani wa kuning'iniza ulifungwa kwenye miti na kwenye boriti za ofisi za vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, wakati huo ukiwa bado na Njombe ndani yake. Serikali, Taasisi ya Chakula na Lishe, UNICEF na Shirika la Afya Duniani walikuwa wameanzisha Mpango wa Lishe wa Iringa, kwa fedha za Serikali ya Italia, nchi iliyoujua ugali mtupu unafanya nini. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito, na hapa ndipo ilipokuwa siri ya mpango: matokeo hayakufungiwa kwenye faili na kupelekwa mkoani. Yalisomwa kijijini, mbele ya kamati ya kijiji. Mtoto fulani ameshuka. Kwa nini? Mama yake yuko wapi mchana? Nani anaye? Wakajadili, wakachukua hatua, wakapima tena. Vijiji vilianzisha hata vituo vya kulishia watoto mchana, unga na maharage vikichangwa na wenyewe. Katika vijiji vile utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8 kufikia mwaka 1988.

Na kutoka kwenye vikao vile lilizaliwa wazo lililotembea dunia nzima. Watu wa mpango waligundua kwamba chakula na tiba havitoshi kuelezea mtoto anayekonda. Kuna kitu cha tatu, matunzo, yaani muda, mikono na utulivu wa anayemlea. Mwaka 1990 UNICEF iliufanya mchoro huo wa mambo matatu kuwa msingi wa sera yake ya lishe, na leo unafundishwa vyuoni kuanzia Dhaka hadi Geneva. Yaani kile ambacho Cadogan na Rousseau hawakukiona, kwamba mama ana saa 24 tu, kilifafanuliwa katika vijiji vya mkoa huu. Wanafunzi wengi wanaousoma mchoro ule hawajui Iringa iko wapi, na watu wengi wa Iringa hawajui kama kuna mchoro.

Kipimo kikuu cha mpango ule kilikuwa uzito. Urefu haukuwa hoja kubwa, na udumavu ni ugonjwa wa urefu, unaojificha ndani ya mtoto mnene wa mashavu anayecheka. Wafadhili walipohama, vituo vya mchana vikafifia. Kupima hakukufa, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji bado ipo, mzani upo, na sasa kuna ubao wa kupimia urefu. Kilichopungua ni lile swali la kikaoni, nani anaye mchana. Mtoto anapimwa, namba inaandikwa, namba inapanda kwenda wilayani, na baada ya miaka kadhaa inarudi ikiwa asilimia 56.9.

Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini upya mkataba wa lishe mbele ya Rais, na kila halmashauri inatakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Elfu moja haimnunulii mtoto mayai ya wiki mbili, lakini kata yenye watoto elfu mbili inakuwa na milioni mbili. Zinaweza kwenda kwenye semina na mabango, kama kawaida. Mahindi, maharage na mboga Igowole hawahitaji kuletewa. Bajeti ijayo ya halmashauri itakaposomwa, ningependa nisikie ndani yake posho ya mtu mmoja kwa kila kitongoji, na ya mwingine pembeni ya kila shamba la chai, ambaye kazi yake ni kuwasha moto saa nne asubuhi, akapika uji mzito wenye maharage ya kusaga, na kuwalisha watoto wa walioko kazini mpaka mama zao warudi.